Funguo za Main Street

Ukitembea Main Street mjini Jinja, Uganda, na kuinua macho juu ya mabango ya kampuni za simu, utaona majina na miaka vimechorwa kwa saruji kwenye vipaji vya majengo. Ni majina ya familia za Kihindi, na mengi ya majengo hayo yalisimama kabla ya Vita Kuu vya Pili. Chini ya majina kuna baraza yenye nguzo, ambapo fundi cherehani hukaa na mashine yake ya kukanyaga kwa miguu. Ndani mna duka refu la dari ya juu. Nyuma ya duka mna stoo na ua, na wenye duka walikuwa wakiishi hukohuko uani au ghorofani.

Mtaa huu ulipoteza karibu wenyewe wote katika miezi mitatu ya mwaka 1972. Yaliyoufika kabla na baada ya miezi hiyo yanafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu miji mingi ya Afrika Mashariki leo ina maduka yaliyofungwa katikati yake, na wakubwa wa miji hiyo wengi hudhani dawa ni kupaka rangi ukuta na kumkabidhi mtu mwingine funguo. Jinja ilishapitia hayo ya kukabidhiwa funguo.

Mji wenyewe si wa kale sana. John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko yanakoanzia Nile mwezi Julai 1862, lakini mji ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ilipohamishia hapo makao yake ya eneo la Busoga kutoka Iganga. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinavuka ziwa na shehena. Mwaka 1912 reli fupi ya Busoga iliiunganisha Jinja na Namasagali, na pamba ya nchi ile yote ikawa inateremkia gatini Jinja. Mwaka 1931 daraja la reli likavuka Nile kwenda Kampala.

Njia ya maduka alikuwa ameifungua Allidina Visram, Mkhoja wa Kutch nchini India aliyekuja pwani akiwa kijana, akaanza kazi Bagamoyo, kisha akapanda bara akiacha duka kila kituo. Alipofariki mwaka 1916 matawi yake yalikuwa yametapakaa Kenya na Uganda. Shule yenye jina lake bado ipo Mombasa. Waliomfuata walikuja kwa utaratibu uleule: kijana anaitwa na mjomba au ami, anafanya kazi kaunta ya ndugu miaka michache, halafu anafunguliwa duka lake kijijini. Muljibhai Madhvani alikuja Uganda mwaka 1908 kwa njia hiyo. Mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari kilianza kusaga miwa Kakira, nje kidogo ya Jinja, na jengo la ukoo huo la mwaka 1919 bado limesimama mjini.

Kilichoyaweka hai maduka hayo ni mali kauli. Mwagizaji wa Mombasa alimpa bidhaa mwenye duka la jumla wa Jinja bila fedha taslimu. Wa Jinja alimkopesha wa Iganga au Kamuli. Wa Kamuli alimkopesha mkulima jembe na jora la kitambaa akisubiri pamba ivunwe. Pamba ikiuzwa, fedha zilirudi kwa njia ileile hadi pwani. Hakuna karatasi nyingi zilizoandikwa. Dhamana ilikuwa jina la mtu, ukoo wake na jamaa zake msikitini au hekaluni. Anayeangalia duka kutoka barabarani huona rafu na mizani tu. Mtaji hasa ulikuwa katika daftari la madeni na katika barua za watu walioaminiana kutoka Bombay hadi Busoga.

Kisha ukaja umeme. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili Aprili 1954, na maporomoko aliyoyaona Speke yakazama. Serikali ilitaka kuifanya Jinja mji wa viwanda, na kwa muda ikafaulu. Ng'ambo ya mto, Njeru, kikasimama kiwanda cha nguo cha Nyanza Textiles, ambacho kila mtu alikiita Nytil. Shaba ya migodi ya Kilembe ikaletwa kwa reli kuyeyushwa Jinja. Vikafuata viwanda vya bia na unga. Maelfu ya vibarua wa Kisoga, Kiganda, Kiluo na kutoka kaskazini wakawa wanapokea mshahara mwisho wa mwezi, na mishahara hiyo ikawa inaishia Main Street: baiskeli, redio, shati la Krismasi. Mwaka 1955 watafiti Cyril na Rhona Sofer walichapisha utafiti wao kuhusu mji huu, na katika jina la kitabu chao waliuita mji uliogeuka. Walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Ila huwezi kusimulia neema hiyo bila kusema ni nani aliyekuwa nje yake. Mwafrika wa Jinja alikuwa mteja, kibarua au fundi wa barazani, na mara chache sana alikuwa mwenye duka. Leseni, mikopo ya benki na mali kauli vilipita juu ya kichwa chake. Kuchambua pamba kulikuwa mikononi mwa wachache, na bei ya mkulima iliamuliwa asipokuwepo. Manung'uniko hayo yalilipuka kwa ghasia mwaka 1945 na 1949, na mwaka 1959 katika Buganda ukaanza mgomo mkubwa wa kususia maduka ya Waasia, yaani watu wa asili ya Kihindi, mgomo ulioongozwa na Augustine Kamya. Baada ya uhuru serikali ya Milton Obote ilipitisha sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1969, kubana nafasi za wasio raia. Lalamiko lilikuwa la kweli, na lilistahili jibu la kweli.

Jibu lilitoka kwa Idi Amin. Alikuwa ametwaa madaraka kutoka kwa Obote Januari 1971. Tarehe 4 Agosti 1972, akihutubia wanajeshi Tororo, alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke nchini. Walipewa siku 90, na mwisho ukawekwa Novemba 8. Wale waliokuwa raia wa Uganda waliambiwa wapange foleni kuhakikiwa, na wengi wakakuta hati zao zimefutwa kwa sababu ndogondogo. Manubhai Madhvani, mmoja wa wakuu wa Kakira, alifungwa katika gereza la kijeshi la Makindye kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Familia ziliruhusiwa kubeba fedha kidogo sana, yapata pauni 50, na masanduku ya nguo. Uingereza ilipokea zaidi ya watu 27,000. Kanada ikachukua maelfu, na wengine wakaenda India au wakasubiri katika kambi za Umoja wa Mataifa huko Ulaya.

Amin aliita zoezi hilo vita vya uchumi. Kamati zilizosimamiwa na mawaziri na maofisa wa jeshi zikagawa mali: zaidi ya biashara na mashamba 5,600 nchi nzima, na zaidi ya 5,400 kati ya hizo zikaenda kwa watu binafsi. Wanajeshi na jamaa zao walikuwa mstari wa mbele. Wapo raia wa kawaida waliopata pia, wakiwemo watu waliokuwa makarani na wasaidizi katika maduka hayohayo na waliojua kazi, lakini hao hawakuwa wengi.

Waganda wa umri ule bado husimulia habari ya mashati. Mteja anaingia duka lililopata bwana mpya, anachagua shati, anauliza bei. Muuzaji analigeuza, anatafuta namba, anaikuta kwenye kola. Imeandikwa 15. Basi shati ni shilingi 15, na la mtu mwenye shingo nene ni shilingi 17. Huenda kisa hicho kimekolezwa chumvi kadiri kilivyosimuliwa, lakini kimeshikiliwa na watu kwa sababu kinaeleza jambo walilolishuhudia: bidhaa zilikuwepo rafuni, na aliyepewa duka hakujua zimetoka wapi, zimegharimu kiasi gani, wala nani alikuwa akidaiwa.

Kwa miezi michache mtaa ulionekana kuchangamka. Vitu viliuzwa kwa bei ya kutupa, magari mapya yakaonekana, na watu wakawabandika matajiri hao wapya jina la Kiswahili, mafuta mingi. Kisha rafu zikaanza kubaki wazi. Mwagizaji wa Mombasa hakuwa na sababu ya kutuma mali kauli kwa askari asiyemfahamu, na fedha za kigeni za kuagizia bidhaa zilikuwa mikononi mwa serikali iliyozitumia kwa silaha. Viwandani hapakuwa na vipuri wala mafundi wa kuvitengeneza. Kakira, iliyokuwa ikilisha nchi sukari na kuuza nje, ilishuka mwaka hadi mwaka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 usagaji wa miwa Uganda ulikuwa umekaribia kusimama kabisa. Mfanyakazi wa kiwanda kilichofungwa haendi kununua shati.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli na meli zilizoulisha mji huu tangu kuzaliwa kwake zikagawanywa. Biashara ikahamia gizani. Chumvi, sabuni, sukari na mafuta ya taa vikapatikana kwa magendo, kupitia mpaka wa Kenya au kwa mitumbwi ya ziwani usiku. Kwenye Main Street milango mingi ya mbao ikabaki imefungwa mchana. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Jinja Aprili 1979, katika vita vya kumng'oa Amin, bwawa lilikuwa zima na umeme ukiwaka, lakini vilivyokuwa vikiutumia umeme huo vingi vilikuwa vimenyamaza.

Wakati huohuo, maelfu ya kilomita kutoka Nile, maduka mengine matupu yalikuwa yakijaa. Septemba 1972 baraza la jiji la Leicester, katikati ya Uingereza, lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwataka Waasia wa Uganda, kwa faida yao wenyewe, wasije Leicester: nyumba zimejaa, shule zimejaa. Maelfu walikwenda. Wengi walikuwa na ndugu huko tayari, na tangazo liliwajulisha jina la mji hata wale ambao hawakuwa wamelisikia.

Walifika wakiwa hawana kitu. Waliokuwa na viwanda walikubali vibarua viwandani, na kina mama waliokuwa na wapishi nyumbani wakaketi kwenye mashine za kushona soksi. Kazi hiyo haikuwa rahisi wala haikuwa ya heshima. Mgomo wa wafanyakazi wa Kiasia katika kiwanda cha Imperial Typewriters mwaka 1974 ulitokana na ubaguzi wa malipo na vyeo. Lakini kaskazini ya katikati ya mji kulikuwa na Belgrave Road, barabara iliyochakaa, yenye maduka yaliyokuwa yakihamwa na wenyeji. Kodi ya pango ilikuwa ndogo. Ndugu wawili watatu waliweza kuchanga akiba za mishahara, mmoja akakaa kaunta na wengine wakaendelea na kazi kiwandani hadi duka lisimame. Bidhaa walizipata kwa mali kauli kutoka kwa watu waliolijua jina la baba yao tangu Jinja, Kampala au Kisumu. Likaja duka la viungo, likaja la sari, la sonara, la vitamu vya maziwa. Leo barabara hiyo ni moja ya mitaa ya Kiasia inayojulikana zaidi Uingereza, na taa zake za Diwali huvuta umati mkubwa kila mwaka. Ukikaa na wazee wa pale utasikia Kiswahili kikichomoza katikati ya Kigujarati.

Kuviweka visa hivi viwili pamoja ni kufikia uamuzi mmoja. Jinja ilibaki na majengo, kaunta, rafu, mizani na hata bidhaa za miezi kadhaa. Waliokwenda Leicester hawakubaki na lolote kati ya hayo. Walichoondoka nacho ni kuaminika, ujuzi wa hesabu na watu wa kuwakopesha, na hivyo ndivyo vilivyofufua mtaa. Kosa la mwaka 1972, ukiacha ukatili wake kwa watu, lilikuwa kugawa vyumba na kusema zimegawiwa biashara. Mwafrika aliyestahili kuingizwa katika mnyororo wa mikopo na leseni miaka ya 1950 alipewa chumba baada ya mnyororo kukatwa. Alidhulumiwa mara mbili.

Kurekebisha kulichukua miaka mingi kuliko kuharibu. Mali za waliofukuzwa zilikuwa zimewekwa chini ya bodi maalumu ya serikali iliyoundwa mwaka 1973. Bunge lilipitisha sheria ya kuzirudisha mwaka 1982, katika utawala wa pili wa Obote, na familia ya Madhvani ikarejea kuifufua Kakira katika muongo huo. Vita vya ndani vya miaka hiyo vilichelewesha mengine. Baada ya Yoweri Museveni kuingia madarakani Januari 1986, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafadhili walipokuwa wakishinikiza, wenye mali wengi walidai na kurudishiwa hati zao.

Hebu fikiria maana ya miaka hiyo 20 kwa jengo la duka. Mpangaji wa bodi analipa pango dogo na hajui kama mwakani atakuwa hapo. Bati likivuja, hana sababu ya kulibadilisha. Mbao za mlango zikiliwa na mchwa, anapigilia kipande cha debe. Mmiliki yuko Toronto au Leicester, na hajui kama hati yake itatambuliwa. Bodi ina majengo maelfu na fedha kidogo. Maji ya mvua yanaingia ukutani kila masika, na hakuna mtu ambaye ni kazi yake kuyazuia. Hata baada ya kurudishwa mali, baadhi ya wenyewe waliuza haraka, wengine wakaweka mawakala wa kukusanya kodi tu, na baadhi ya majengo yakawa na wadai wawili au watatu kila mmoja na karatasi yake. Mwaka 2019 kamati ya Bunge la Uganda ilikuwa bado inachunguza namna mali hizo zilivyoshughulikiwa.

Na wenyewe walioshika nyundo na rangi waligundua kwamba wateja hawakurudi pamoja na hati. Viwanda vingi havikuamka, au viliamka na watu wachache. Nytil ilibinafsishwa na kupata jina jipya, lakini sasa ilikuwa ikishindana na marobota ya nguo za mitumba. Umeme wa bwawa ungeweza kupelekwa popote, na mwekezaji alichagua Kampala, kilomita 80 tu magharibi. Duka lililokuwa la mtu mmoja likakatwa kwa mbao kuwa vibanda vinne vya simu, dawa na losheni.

Kilicholeta fedha mpya kilitoka mtoni. Kuanzia mwaka 1996 kampuni za utalii zilianza kuwapeleka wageni kwenye maji makali ya Nile kwa boti za mpira, na wageni hao walihitaji kula, kulala na kununua. Baadhi ya maduka ya zamani ya Main Street yakawa mikahawa na maduka ya vinyago. Hata biashara hiyo haikukaa salama: bwawa jipya la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lilizamisha maporomoko maarufu kuliko yote, na watalii wakasogezwa chini zaidi ya mto. Mwaka 2018 daraja jipya la nyaya lilifunguliwa juu ya Nile, zuri la kutazama, na linampitisha msafiri wa Kenya hadi Kampala bila kumlazimu kugusa katikati ya mji.

Julai 2020 Jinja ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Soko kuu limejengwa upya kwa ghorofa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Main Street yenyewe imefumuliwa na kutandikwa upya kwa mradi wa miji wa Benki ya Dunia, ikiwa na njia za waenda kwa miguu na taa. Hizo ni kazi njema, na mtaa mbovu hauvuti mteja. Lakini lami inafika ukingoni mwa baraza. Zaidi ya hapo kuna ukuta wa mtu, na mwenye ukuta huo leo anapigiwa hesabu na wajenzi kwamba kiwanja kina thamani kuliko nyumba, kwa hiyo abomoe aweke jengo la vioo la vyumba vya kupangisha. Taasisi ya Cross-Cultural Foundation of Uganda imeorodhesha na kuchapisha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja ili yajulikane kabla hayajaanguka. Orodha pekee haizuii nyundo.

Jiji la Jinja lina uwezo wa kufanya mambo matatu bila kusubiri mfadhili. Liweke wazi daftari la nani anamiliki kila jengo la Main Street na kesi gani zinaendelea, ili mpangaji ajue anamlipa nani na mnunuzi ajue ananunua nini. Liwapunguzie kodi ya majengo wenye kukarabati baraza, nguzo na milango ya asili, na wanaotoa mikataba ya miaka kadhaa badala ya mwezi kwa mwezi, maana mpangaji mwenye mkataba mrefu ndiye anayenunua bati. Na livisaidie vikundi vya akiba na mikopo vya wachuuzi wa soko kuu na wa barazani kupata dhamana ya kununua bidhaa kwa jumla, ili mama anayeuza vitenge chini ya nguzo leo aweze kesho kuingia ndani ya duka akiwa na mkataba wake na mwenye kumkopesha. Ana wateja tayari, anajua bei ya kila jora, na babu yake alizuiwa mlango huohuo. Halmashauri imfungulie.